Taa ya Kona

Maswali yote ambayo baba angeweza kumuuliza mchumba wangu nilikuwa nimeshayajibu kichwani kabla hatujafika. Akiuliza kazi, ni fundi bati, na kazi anazo za kumtosha. Akiuliza kwa nini amekuja na shangazi yake badala ya baba yake, ni kwa sababu baba yake alishatangulia mbele ya haki na shangazi ndiye aliyemlea. Hata lile swali lake la "atakulisha nini, mapenzi?" nilikuwa nimelitafutia jibu la kumchekesha. Jambo moja tu sikulipangia: kwamba baba hatauliza chochote.

Alitupokea vizuri mno. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe mpaka likakaribia kusimama bila mtu, na alipomwona shangazi anahangaika na ngazi za mlangoni alimshika mkono akamwingiza ndani. "Karibuni, karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Shangazi, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaanza hapo hapo kusifia mapazia, viti, mpaka rangi ya ukuta. Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mama afariki, na moyo wangu ukatulia kabisa. Nikajisemea, leo nyota ya jaha imenishukia.

Kisha akamgeukia mchumba wangu, Debe, mkono ameshaunyoosha.

Debe aliupokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kwa adabu. Alipokiinua, wakatazamana. Baba akauvuta mkono wake taratibu, akaufuta kwenye suruali.

"Wewe," alisema.

"Kumbe mnajuana?" niliuliza. Bado nilikuwa natabasamu, mjinga mimi, nikidhani labda waliwahi kugombania bei ya misumari pale dukani kwa baba.

"Mzee," Debe alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua. Naapa kwa Mungu, sikujua kama ni hapa."

"Toka nyumbani kwangu."

"Baba! Kuna nini?"

Baba hakunitazama. Kidole chake kilikuwa kinamwelekea Debe. "Muulize mwenyewe. Muulize mwaka juzi alikuwa anaendesha gari gani, na kwenye kona ya nani."

Nikamgeukia. Nilitaka acheke, aseme mzee amemfananisha, hayo hutokea. Alikuwa anatazama sakafu.

"Debe?"

"Gari la mikate," alisema.

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Sikuliangusha. Afadhali ningeliangusha, angalau pangekuwa na kelele. Nililiweka mezani polepole, nikaanza kupanga vikombe, vishikio vyake vyote nikivigeuzia upande mmoja, huku masikio yakinivuma na macho yakiona vikombe tu. Mama yangu aligongwa na gari la mikate. Nilikuwa mbali masomoni, nikapigiwa simu, nikafika siku ya mazishi, nikarudi. Dereva sikumwona na jina lake sikulitaka. Kwangu hakuwa mtu, alikuwa gari.

Na huyo mtu, asubuhi ile ile, alikuwa ameninyooshea kola mbele ya kioo akaniambia nimependeza.

Debe si jina lake. Ni jina alilopewa na Popo, na Popo nao si wachawi, hata kama nusu ya mji wetu inapenda kusema hivyo. Ni sisi, watu wachache wenye kazi zetu: muuguzi, muuza mitumba, mwalimu mstaafu, mimi mpima macho. Tulichoka kuishi chini ya mbingu isiyo na nyota. Tunagonga milango na kuwaomba watu wazifunike taa zao za nje kwa juu na pembeni, mwanga ushuke chini unakohitajika, usipotelee angani wala usiingie chumbani kwa jirani. Wengi wanatucheka. "Mnataka giza? Subirini mfe, lipo la kutosha." Lakini mtaa wa nyuma ya shule ulikubali. Siku ambayo mwezi haukuwepo walizima taa zote za nje, watu wakatandika mikeka barabarani kama wako harusini. Nakumbuka watoto walivyonyamaza wote kwa pamoja, na bibi mmoja alivyolia akisema hakujua kama lile kundi la nyota, Kilimia, bado lipo.

Vifuniko vya mtaa ule vyote alivikata yeye, kwa madebe matupu ya mafuta ya kula. Jina likatokea hapo, na utani pia, kwa sababu debe tupu haliachi kuvuma, na huyu wetu alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Milangoni haendi. Yeye hukata bati karakanani na kutuachia sisi midomo.

Nilikutana naye kazini kwangu, kwenye duka la miwani. Alikuja kupima macho. Nikampima, hayana kasoro. Wiki chache baadaye akarudi, nikampima, hayana kasoro. Aliporudi tena nikamwambia, "Kaka, kama umekuja kunitazama mimi sema tu, usiyasingizie macho." Hakucheka. Aliweka kidevu kwenye mashine, akanitazama kupitia ile lenzi, akauliza, "Inawezekana mtu akaona kitu ambacho hakipo?" Nikamjibu inawezekana sana, hasa akipenda. Nilidhani ananitongoza. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Popo. Na kwenye mkeka wa Popo kuna sheria moja: yaliyoachwa nyumbani hayaulizwi. Mwalimu mstaafu aliiweka, kwa sababu wengi wanaokuja kutazama nyota wana kitu kilichowafukuza ndani. Kwa hiyo mimi nilimwambia mama yangu hayupo, basi. Yeye aliniambia aliacha udereva kwa sababu ya macho, basi. Tukajua majina ya nyota kuliko tulivyojuana sisi wenyewe. Siku moja kimondo kikapita, kirefu, watu wote wakapiga kelele wakinyoosha vidole. Yeye badala ya kunyoosha kidole alinishika mkono. Mapenzi yetu yalianzia hapo, na sikuona kama kuna swali lolote la kuuliza.

"Kaa chini, baba, tuongee," shangazi alikuwa anasema. Mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti yake ilikuwa inatafuta maneno. "Ilikuwa ajali. Polisi walipima, wakasema ajali. Mtoto wa watu hajashika usukani tena tangu siku ile. Mimi ndiye ninayemwendesha, na unaona mwenyewe umri wangu."

"Polisi walikuwa wamelala kwao," baba alisema. "Mimi nilikuwa hapa. Unajua kwenye ile kona ya duka kuna nini? Kuna taa. Niliifunga mwezi ule ule, wezi walipovunja dirisha. Taa kubwa, si mchezo. Pale kwenye kona ni mchana, sindano ikianguka unaiokota. Na mke wangu anavuka, ametoka kwa jirani tu kurudisha sufuria, gauni lake la njano, na huyu anasema hakumwona!" Aligonga meza, vikombe vyangu vikaruka. "Mtu angegongwa gizani ningesema giza. Siku ile hakukuwa na giza. Ile taa ndiyo shahidi wangu, na haijawahi kulala tangu siku ile. Juzi walikuja wale Popo wanaotaka mji mzima uwe kaburi, eti niifunike. Niliwafukuza na fagio."

Shangazi alinitazama, mimi nikatazama vikombe. Siku Popo walipokwenda kwa baba nilisingizia kichwa kinaniuma. Baba hakuwa anajua kwamba binti yake ni mmoja wao, na haikuwa siku ya kumwambia.

"Debe, sema kitu," nilimwambia. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Usisimame hapo kama nguzo. Sema!"

"Nilishasema yote kituoni." Alinitazama mimi, si baba. "Niliona lori. Nilipokata kona nikaona lori linanijia, taa zake zimenijaa machoni. Nikavuta pembeni nilipishe. Sikuona mtu. Nilisikia tu."



"Hakukuwa na lori," baba alisema.

"Najua, mzee. Walilitafuta, hawakuona hata alama ya tairi. Mimi mwenyewe nimelitafuta." Kisha akaniambia, polepole, "Ndiyo maana nilikuja kupima macho."

Nikakaa. Inawezekana mtu akaona kitu ambacho hakipo? Na mimi nikamjibu kwa kurembua.

Baba alikuja akasimama mbele yangu. Hasira ilikuwa imeshuka, na kilichobaki usoni mwake kilinitisha zaidi. "Mwanangu. Sijawahi kukuchagulia mtu. Ungeniletea mwizi ningesema tutamfunza kazi. Huyu siwezi. Siwezi kumtilia chai mtu huyu. Ukimfuata, kaburi la mama yako usilikanyage, na hapa kwangu usikanyage."

"Baba, usinifanyie hivyo."

"Sijakufanyia mimi. Chagua."

Shangazi alishainuka, mkoba kifuani. "Tumekuja kuomba mke, hatukuja kuomba matusi," alisema. "Twende, mwanangu. Maji yamezidi unga."

Niliwafuata nje. Sikuwa nimechagua lolote, ila sikuweza kuona mgongo wake ukipotea kabla sijamuuliza yaliyokuwa yamenikaba.

Shangazi hajui kurudisha gari nyuma, kwa hiyo popote aendapo huliegesha mbele, likiwa tayari kuondoka. Siku hiyo alitushusha mlangoni, akaenda kuliacha ng'ambo ya kona, upande wa barabara kuu, akarudi kwa miguu. Mimi upande ule sina safari nao. Kwa baba naja Jumapili mchana, natokea mjini na mjini narudi, na tangu mama afariki kona ile nimeikwepa. Sasa tulipita mbele ya duka la baba, lililoungana na nyumba, tukaikata kona, shangazi ametutangulia garini, jua limeshazama na anga limebaki na ule ubluu wa mwisho. Zuhura ilikuwa imeshatoka. Siku nyingine tungesimama tukaitazama.

"Ungeniambia," nilisema.

"Sheria ya mkeka..."

"Usiniletee sheria! Miezi yote hiyo nimelala kifuani kwako."

"Ningekuambia nini? Kwamba kuna mama wa mtu nilimuua? Nilikuwa nasubiri siku ambayo ukisikia hautakimbia. Sikujua mtu mwenyewe ni wewe." Alisimama. "Tulipoingia barabara hii leo nilitaka kumwambia shangazi ageuze. Nikajisemea nyumba ziko nyingi, haiwezi kuwa hiyo. Wewe ukadhani nina woga wa mkwe, ukanifinya mkono."

Kweli nilimfinya, na nilimcheka pia.

"Nichukie tu," alisema. "Mimi sitakulau..."

Neno lilikatikia hapo. Alirudi nyuma hatua moja, mkono umepanda usoni. Nikageuka kuona anachokiona, na mwanga ukanipiga machoni nikayumba.

Taa ya baba haina swichi ya mtu, inajiwasha yenyewe ikihisi giza linaingia. Nilikuwa nimeisikia ikisifiwa mara mia, lakini sikuwahi kuitazama kwa upande huu. Ilifungwa chini ya ukingo wa paa la duka, wala si juu sana, na haikuwa taa moja. Zilikuwa mbili kwenye fremu moja, zimekaa sambamba, zimeikazia macho barabara pale pale ambapo gari linamaliza kukata kona.

"Lori," Debe alinong'ona.

Kazi yangu ni macho. Najua mwanga mkali ukiyapiga kwa ghafla, mboni hujibana, na chochote kilichosimama kati yako na mwanga huo kinapotea, hata kikiwa kimevaa njano. Nimewaeleza hayo wateja wangu mpaka wakapiga miayo. Nimeyaeleza nikiwa na Popo kwenye milango ya watu nisiowajua. Mlango mmoja tu sikuugonga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilitaka kupiga kelele, nikacheka. Nilicheka kama mwenda wazimu, machozi yananitoka. "Huna kosa! Debe, huna kosa! Macho yako ni mazima, nilikuambia ni mazima! Twende, twende tukamwambie..."

Alinidaka mkono. "Usimwambie."

"Una kichaa?"

"Nisikilize."

"Amekuita muuaji mbele yangu!"

"Nisikilize kwanza. Mimi jina hilo nimeshalizoea. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekata nalo bati. Yule mzee hawezi kulizoea." Alikuwa amenishika mikono yote miwili, na uso wake chini ya mwanga ule ulikuwa mweupe kama wa mgonjwa. "Kila jioni anakaa chini ya taa ile akijua ndiyo inayomtetea mkewe. Ukimnyang'anya hiyo unamwachia nini?"

"Na mimi je? Mimi unaniachia nini?"

"Wewe utapata mtu mwingine. Baba mwingine hupati."

Nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote, na nilitamani kumzaba kofi. Sikupata nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu mlango wa duka ulibamizwa na sauti ya baba ikaja.

"Bado mko hapa?"

Aliikata kona akitembea kwa haraka, taa ikiwa mgongoni mwake. Alisimama mbele ya Debe. "Vizuri hujaondoka. Umenidanganya kituoni, umenidanganya sebuleni kwangu. Irudie sasa hiyo hadithi ya lori hapa hapa, mahali penyewe, binti yangu akiwa anasikia. Irudie!"

Debe alinitazama. Nilitikisa kichwa, nikamtolea macho, nikamsihi bila sauti.

"Hakukuwa na lori, mzee," alisema.

"Sema tena."

"Hakukuwa na lori. Nilikuwa nimechoka, nikasinzia. Niliposhtuka ilikuwa imeshatokea. Nikasingizia lori kwa woga. Nisamehe ukiweza."

"We mtoto!" shangazi alipiga yowe kutoka garini. "Umerogwa? Unasema nini?"

Kile kilichompata baba sikukitegemea. Nilidhani atampiga. Badala yake mabega yalimshuka, akajishika kiuno, akavuta pumzi ndefu, kisha akalia. Alilia kama mtu aliyetua mzigo, wala hakujificha. "Nilijua," alikuwa anasema. "Nilimwambia kila mtu. Wakasema mzee umechanganyikiwa na msiba, mwache kijana wa watu. Nilijua, mimi nilijua." Akajifuta kwa mkono wa shati lake jeupe. "Haya. Nenda. Umesema, imetosha. Nenda."

Alisema "nenda" ile ya mwisho kwa upole kabisa, na upole huo ulinivunja moyo.

Debe alianza kutembea kuelekea gari. Nikinyamaza, baba atalala usingizi alioukosa tangu mwaka juzi. Atazeeka akiwa na amani, kila jioni taa yake ikiwaka. Nikinyamaza, mwanamume ninayempenda ataingia kwenye gari la shangazi akiwa na hatia isiyo yake, na nitaolewa na mtu mwingine, na baba atanishika mkono siku hiyo akitabasamu. Na magari yataendelea kuikata kona ile kila siku, na watu wataendelea kuvuka na masufuria yao.

Debe alifika garini, akafungua mlango, akageuka. Alinitikisia kichwa: hapana.

"Baba," nilisema. "Njoo kidogo."

"Twende ndani, mwanangu. Yameisha."

"Njoo."

Nilimshika mkono. Mkono wake ulikuwa bado una unyevu wa machozi. Nilimwongoza kando ya barabara mpaka mahali ambapo gari linamaliza kukata kona, nikamsimamisha, nikamgeuza uso uelekee nyumbani. Alinifuata bila ubishi, mtu aliyechoka.

"Nini hapa?"

"Nisubiri hapo hapo. Usiondoke."

Nilimwacha nikarudi kuelekea duka. Nilisimama kwenye ukingo wa lami, mbele ya geti la jirani, mahali ambapo mama alikuwa anavukia maisha yake yote. Nikageuka. Nilimwona baba vizuri kabisa, kila mkunjo wa shati. Macho ameyafinya.

"Mwanangu?"

"Naam, baba."

"Umekwenda wapi?"

"Nipo barabarani."

"Barabarani wapi? Sikuoni. Usiende mbali, magari yatakuja."

"Sijaenda mbali. Nipo mbele yako."

"Wapi?" Sauti ilikuwa imeanza kupanda. Aligeuza kichwa huku na huku, akinitafuta pembeni. "Acha mchezo. Nitolee sauti nikufuate. Uko wapi?"

Pumzi zake nilikuwa nazisikia. "Inua kiganja, baba. Iwekee kivuli taa. Taa tu."

Ndicho Popo tunachowaomba watu kufanya, kwenye kila mlango. Baba aliinua kiganja. Kivuli chake kikamwangukia usoni, nikayaona macho yake yakifunguka, yakatangatanga, yakanipata. Nilikuwa mbele yake hatua chache tu.

Alikishusha kiganja. Akakiinua. Akakishusha tena, na mara hii mkono ukaning'inia hapo ubavuni, hakuupandisha tena.

Gari la shangazi lilikuwa limewashwa, likazimwa.

"Alikuwa hapo ulipo?" aliuliza.

"Hapa."

"Na mimi ndiye niliyeifunga," alisema. "Nilipanda ngazi mwenyewe. Yeye alinishikia ngazi."

Nilitaka kumkimbilia, nikabaki pale pale. Nilikuwa nimemfanyia jambo ambalo haliwezi kurudishwa, na nilikuwa nalijua nilipokuwa nalifanya.

"Yule kijana," baba alisema. "Amejua lini?"

"Leo. Ilipojiwasha."

"Kabla sijatoka ndani?"

"Kabla hujatoka."

"Kwa hiyo niliposimama pale nikamwambia arudie hadithi ya lori, alikuwa ameshajua lori ni nini."

"Ndiyo, baba."

Baba aligeuka. Debe alikuwa bado ameshika mlango wa gari, hajaingia na hajaufunga. Baba alimtazama.

"Mimi, ningekuwa yeye, ningesema," alisema.